Nilivyoitunza alamu ya kaboni monoksidi kwenye gari la kulala

Gari ni la shemeji yangu. Lilishushwa bandarini Dar es Salaam likitokea Uingereza, nami nikakabidhiwa nikae nalo kwangu Mbezi. Lina vitanda, jiko la gesi, friji inayotumia umeme au gesi, na ukutani karibu na kitanda cha nyuma kulikuwa na alamu ndogo nyeupe ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye injini, jenereta na majiko. Fundi umeme aliyekuja kukagua nyaya aliibonyeza kitufe, ikapiga kelele.

"Hii nzima, bosi," akasema, akageukia taa.

Nikamwomba aishushe kwanza. Mgongoni, chini ya vumbi lililogandamana, palikuwa na kibandiko kilichofifia: ibadilishwe kabla ya 2019. Kile kitufe hupima betri, saketi na king'ora basi. Hakikuambii kama sensa, yaani sehemu inayotambua gesi, ingali hai. Sensa za alamu hizi hufanya kazi kwa kemikali, na kemikali hizo huchoka hata kama alamu haijawahi kulia siku hata moja. Nyingi hupewa umri wa miaka 5 hadi 10, kutegemea mtengenezaji, na joto kali huupunguza. Kwa jua letu la Februari, gari lililofungwa milango likikaa uwanjani huwa tanuri, ndiyo maana siku hizi naliegesha chini ya mwembe. Yeyote aliyenunua gari la kulala la mtumba, ninamsihi ageuze alamu asome tarehe kabla hata ya kukagua matairi.

Kupata mpya kulinisumbua. Kariakoo nilioneshwa vifaa vingi vya kutambua moshi, lakini cha moshi hakitambui gesi hii hata kidogo. Nilitaka iliyoandikwa EN 50291-2, kiwango cha Ulaya kinachohusu magari ya kulala na boti. Mwishowe dada aliyekuwa anarudi likizo akaja nayo kwenye begi.

Jirani aliniuliza: joto lote hili, sisi hatuoti moto, hiyo sumu itoke wapi? Nikamjibu kwamba kwetu Dar joto ndilo linaloleta hatari. Mtu anafunga madirisha yote, anawasha kiyoyozi kwa jenereta au anaacha injini ikiunguruma, analala. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mtu anameza panadoli akidhani ni malaria. Kinachotofautisha ni kwamba wote waliomo huugua kwa pamoja, mara nyingi bila homa, na wakitoka nje wanaanza kupata nafuu. Na ukipanda Lushoto kwenye baridi, usithubutu kuingiza jiko la mkaa ndani, hata likiwa limebaki makaa mekundu yasiyo na moshi.

Iliyonithibitishia thamani yake ni Kigamboni. Tulilala ufukweni, jenereta ya kundi la jirani ikiwa upande wa nchi kavu. Jioni upepo ulitoka baharini ukapeleka moshi wao mbali. Usiku wa manane upepo ukageuka, ukatoka bara, na dirisha letu la upande huo lilikuwa wazi. Alamu ikalia milio minne ya haraka, ikanyamaza kidogo, ikarudia. Kioo chake kilikuwa kimepita 50, yaani sehemu 50 za gesi hiyo katika kila sehemu milioni za hewa. Kwa kiasi hicho alamu hulia baada ya saa nzima au zaidi, kwa kuwa imeundwa kupima gesi pamoja na muda. Ikifika 300 hulia ndani ya dakika 3. Tukawatoa watoto nje, tukafungua milango yote, nikaenda kuwaamsha wale jamaa. Walizima bila ubishi, wakatuomba radhi. Hakuna aliyekuwa na dalili. Angekuwapo, tungekwenda hospitali moja kwa moja, maana dawa yake ni oksijeni. Siku hizi jenereta, yetu au ya mtu mwingine, naitaka mita 6 au zaidi kutoka garini, ekzosi ikitazama kwingine.

Matunzo si kazi kubwa. Kabla ya kila safari nabonyeza kitufe, naifuta kwa kitambaa kikavu, naondoa utando wa buibui. Sipulizi dawa ya mbu wala manukato karibu nayo, kwani mivuke hiyo huweza kuharibu sensa. Nimeifunga usawa wa kichwa cha aliyelala, mbali na dirisha na kiyoyozi. Ile ya gesi ya kupikia iko chini karibu na sakafu, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Mlio mmoja kila baada ya muda maana yake ni betri au umri. Ikilia wakati betri za gari zinachajiwa, huenda imeshtuliwa na haidrojeni inayotoka kwenye betri, lakini tunatoka kwanza, sababu tunaitafuta tukiwa nje.

Tarehe ya kuibadilisha nimeiandika kwa kalamu nzito upande wa mbele. Kilichobaki ni ya pili, kwa kitanda cha juu ya dereva wanakolala watoto, na dada ameshaambiwa.