Asetoni na Oksijeni Yake Moja

Wengi wanaifahamu asetoni kwa harufu kali inayotoka kwenye chupa ya kuondolea rangi ya kucha, na wanaofanya kazi maabara wanaijua kama kimiminika cha kusuuzia vyombo vya glasi ili vikauke haraka. Vitabu huorodhesha sifa zake katika jedwali, namba chini ya namba, kana kwamba kila moja imejitokea yenyewe. Kwa maoni yangu, karibu jedwali zima linaweza kusomwa kutokana na umbo la molekuli: atomu tatu za kaboni zilizoshikana, ile ya katikati imefungamana na oksijeni kwa kifungo maradufu, na hidrojeni zote sita ziko kwenye kaboni za pembeni, bila hata moja kukaa kwenye oksijeni.

Tuanze na kuchemka. Uzito wa molekuli ya butani, gesi ya kaboni na hidrojeni tupu, ni 58, sawa na wa asetoni, lakini butani huchemka karibu na nyuzi 0 za sentigredi, ilhali asetoni husubiri mpaka nyuzi 56. Alkoholi ya isopropili, ambayo uzito wake ni 60, hufika nyuzi 82. Uzito hauwezi kueleza tofauti hizo. Katika asetoni, oksijeni huvuta elektroni upande wake na kupata chaji hasi kidogo, huku kaboni ya katikati ikibaki na chaji chanya kidogo, kwa hiyo molekuli zake huvutana kuliko zile za butani. Alkoholi inaizidi kwa sababu ina hidrojeni juu ya oksijeni yake, na hidrojeni hiyo hujishikiza kwenye oksijeni ya molekuli jirani. Asetoni inaweza kupokea kifungo cha namna hiyo, lakini yenyewe haina cha kutoa.

Maji yanacho cha kutoa, na ndiyo maana asetoni huchanganyika nayo kwa kiwango chochote. Wakati huohuo pande zake mbili za kaboni na hidrojeni hupatana na mafuta na resini. Kwa chumvi, hata hivyo, ni kiyeyushi chenye ubaguzi: iodidi ya sodiamu huyeyuka vizuri ndani yake, ilhali kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ya mezani, karibu haiyeyuki kabisa. Wanakemia huutumia ubaguzi huo wanapotaka kubadilisha klorini ya kampaundi ya kaboni kwa iodini, kwa kuwa kloridi inayozaliwa hutuama chini ikiwa chembe nyeupe na mmenyuko hauna njia rahisi ya kurudi nyuma.

Matumizi yanayonivutia kuliko yote yamo ndani ya mitungi ya asetilini ya kuchomelea vyuma. Asetilini ikishindiliwa peke yake inaweza kuvunjika kwa mlipuko hata pasipo hewa, kwa hiyo mtungi hujazwa kitu chenye vinyweleo kilicholoweshwa asetoni, na gesi huyeyuka humo. Katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, lita moja ya asetoni huyeyusha takribani lita 25 za asetilini, na mgandamizo ukiongezeka kiasi hicho hupanda sana. Sababu ni ileile: hidrojeni za asetilini zina uasidi kidogo, na oksijeni ya asetoni huzipokea. Mtungi ukitumiwa ukiwa umelazwa, asetoni nayo hutoka pamoja na gesi.

Hasara ya kuvutana kwa wastani ni moto. Asetoni hutoa mvuke wa kutosha kushika cheche hata kwenye nyuzi 20 hivi chini ya sifuri, na kwa kuwa mvuke huo ni mzito mara mbili ya hewa, husambaa sakafuni na unaweza kulifikia jiko lililo mbali na chupa. Mtu anayeamini kwamba usalama ni kutokuwasha kiberiti karibu na meza hajaielewa hatari yenyewe.

Kikemia asetoni ni tulivu kiasi, na haioksidishwi, yaani haiongezewi oksijeni, kwa urahisi kama jamaa zake aldehaidi, ambazo kaboni yao yenye oksijeni imebeba pia hidrojeni. Udhaifu wake uko kwenye hidrojeni zilizo jirani na kaboni ya katikati, kwa maana ule mvuto wa oksijeni huzilegeza. Besi kali, yaani kemikali iliyo kinyume cha asidi, huweza kuing'oa mojawapo, na molekuli mbili za asetoni zikaungana. Kwa hiyo haifai kuwa kiyeyushi penye besi za aina hiyo. Ikikutana na dawa ya klorini ya kuondolea madoa, hidrojeni tatu za upande mmoja hubadilishwa kwa klorini, kisha kipande hicho hukatika na kuwa klorofomu, ambayo mvuke wake ni sumu.