Bei haijapanda, fungu limepungua

Nadharia tete yangu, yaani dhana niliyoanza nayo katika utafiti wangu wa bei ya makala (makaa ya kupikia), imekataa kuthibitishwa, na nimeamua kuiacha hivyo hivyo. Naandika haya leo kabla sijageuza mawazo, maana wa kunishauri vingine ni wengi.

Kwa msomaji wa mbali: huku Lubumbashi, mwanafunzi akimaliza miaka mitatu ya kwanza chuoni anaandika TFC, kazi ya utafiti ya kumaliza masomo hayo, kisha anaitetea mbele ya juri. Umbo lake tunalijua kama sala. Swali la utafiti, nadharia tete, mipaka ya mada, mbinu, halafu sura tatu. Na kwenye hitimisho lazima ije ile sentensi: "nadharia tete yetu imethibitishwa." Nimepekua TFC za waliotutangulia pale maktabani, na kila niliyoifungua imethibitishwa. Kumbe tunasoma na manabii.

Mada yangu ni bei ya rejareja ya makala katika soko la Kenia, hapa hapa Lubumbashi, si nchi ya Kenya. Mwanzo ilikuwa kubwa mno, nishati ya kuni na maendeleo ya Haut-Katanga nzima, msimamizi wangu akaikatakata mpaka likabaki soko moja na misimu miwili. Siku ile niliumia. Sasa namshukuru. Makala yanamgusa kila mtu hapa: umeme ukikatika, hata mwenye jiko la kisasa anawasha mbabula, jiko la makala, uani.

Nilidhani hivi. Mvua zikianza Novemba, njia za porini zinaharibika, baiskeli zinakwama, tanuru zinalowa, makala yanachelewa kufika mjini. Kwa hiyo bei inapanda. Nani angebisha?

Wauzaji walibisha. Dodoso langu, la Kifaransa kwenye karatasi na la Kiswahili mdomoni, lilikuwa na majibu matatu: bei inapanda sana, inapanda kidogo, haipandi. Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho huku akipanga mafungu yake juu ya gunia lililotandikwa chini, vipande vikubwa nje, vidogo na vumbi ndani, kimoja kirefu kimesimamishwa juu kama kofia. Akaniambia: "Mwana yangu, bei inabakiaka ile ile. Makala njo inapungukaka."

Nikaweka alama kwenye "haipandi", na wengi waliomfuata wakanijibu vivyo hivyo. Ukisoma jedwali, nadharia tete imekufa. Ukitazama chini kwenye gunia, unaona jambo jingine.

Sababu yenyewe ni noti. Mteja wa fungu anakuja na noti ya 500 mkononi. Huwezi kumwambia leo ni franka 540, hizo 40 utamrudishiaje chenji? Bei inaruka kwa noti nzima au haitikisiki kabisa. Kinachoweza kupungua kidogo kidogo, bila kugombana na mtu, ni fungu. Hilo halimo katika kitabu chochote nilichosoma kwa ajili ya sura ya kwanza, na ndilo jambo pekee katika TFC yangu ambalo ningependa juri walisome.

Tukiwa kwenye sura ya kwanza: niliweka historia ya mji, kama wote. Mji ulianzishwa 1910 kwa jina la Elisabethville, jina la Lubumbashi likaja 1966. Msimamizi akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Inakusaidia nini?" Nimefuta karibu yote. Nimebakiza mafundi wa shaba wa zamani, waliokuwa wakiyeyusha madini kwa makala katika tanuru za udongo na kutoa ile misalaba ya shaba, kwa sababu hao angalau walitumia makala.

Rafiki yangu, ambaye TFC yake ameshaiweka kwenye jalada, ananiambia nibadilishe alama tu. "Weka 'inapanda kidogo', nani atarudi Kenia kuwauliza wale mama?" Hanidanganyi, hakuna atakayerudi. Lakini nikifanya hivyo nitakuwa nimeandika kitu ambacho kila mtu alikijua kabla sijatoka nyumbani, na kile nilichokiona kwa macho nimekitupa.

Nikafikiri mizani itaniokoa: napima fungu, nagawa bei kwa kilo, nadharia tete inafufuka kwa njia ya haki. Nikaazima mizani ya muuza samaki. Mama yule yule akacheka. Makala ya masika yanakunywa maji, akasema, fungu dogo lenye unyevu linaweza kuwa zito kuliko kubwa kavu. Basi kilo nayo inadanganya, na inadanganya zaidi msimu ule ule ninaouchunguza.

Kwa hiyo sasa natumia ndoo. Namwaga mafungu, nahesabu ni mangapi yanajaza ndoo moja, nayarudisha yalivyopangwa (kile kirefu cha juu kina namna yake, usikiguse ovyo), nanunua moja ili mama asione nimempotezea muda. Nyumbani hatuna shida ya makala siku hizi. Jedwali la sura ya tatu litakuwa na safu tatu: bei, uzito, ujazo. Kwenye hitimisho nitaandika kwamba bei ya fungu haikupanda, nadharia tete imekanushwa kama ilivyoandikwa, na aya inayofuata itaeleza kwa nini mnunuzi bado ana haki ya kulalamika.

Juri wakiniuliza kwa nini sikuibadilisha mapema, ndoo nitakuwa nayo.