Siku Sita Zona 9

"Fíjese que..." alianza dada wa mapokezi, kisha akanyamaza na kulitazama daftari lake kana kwamba jibu lingejiandika lenyewe.

Sikuujua bado uzito wa neno hilo. Kamusi ya Kihispania ya simuni iliniambia maana yake ni "hebu tazama." Lakini mwenyeji wa Guatemala akikuanzia hivyo, vuta kiti, kuna kitu hakipo. Mchana ule kilichokosekana kilikuwa chumba changu. Chenyewe kilikuwepo, ghorofa ya pili, namba 14, ila mgeni wa jana alikuwa bado yumo, amelala fofofo, na saa ilikuwa nane mchana. Nikaketi juu ya sanduku langu.

Hiyo ilikuwa siku yangu ya tatu tangu nitoke Muheza. Dar, Istanbul, Panama, halafu Guatemala, ambako uwanja wa ndege wa La Aurora umo ndani ya mji hasa: unashuka ukitazama nguo zilizoanikwa juu ya mapaa, na teksi haichukui hata robo saa kukufikisha Zona 9. Mji mzima umegawanywa kwa namba, kutoka Zona 1 ya zamani katikati, nyingine zikizunguka kwa nje kama koa anavyojikunja gandani. Ukishaielewa hesabu hiyo hupotei. Mimi nilipotea mara mbili.

Kazi yangu ni iliki. Naikusanya kwa wakulima wa vijiji vya Amani, Usambara Mashariki, naiuza Tanga na Dar. Kwetu tunaianika juani juu ya majamvi, punje inapauka, na bei inapauka nayo. Guatemala ndiyo inayouza iliki nyingi nje kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na iliki yao bora inatoka kijani utadhani imechumwa jana. Nilitaka kuyaona matanuri yao kwa macho yangu. Kulikuwa na mnunuzi wa Cobán, tuliyefahamiana kwa simu kwa miezi kadhaa, na mpango ulikuwa hivi: nilale mjini usiku mmoja, asubuhi aje anichukue, twende mkoani kwake, Alta Verapaz, kilomita zaidi ya 200 kaskazini.

Hoteli aliniwekea yeye. Ghorofa tatu, hakuna lifti, vyumba ishirini na ushee vimezunguka ua wenye mti wa ndimu. Nje lango la chuma na kengele, ndani mlinzi mwenye bunduki fupi ya marisau, jambo ambalo mwanzo lilinitisha, mpaka nilipoona kwamba hata duka la dawa la ng'ambo lina mlinzi na bunduki yake. Bei quetzal 300 kwa usiku, kama dola 40, na kifungua kinywa ndani yake. Chumba kilikuwa safi. Kitanda, blanketi mbili nzito, meza ya kuandikia, na dirisha ambalo ukiinama kidogo unaona ncha ya Torre del Reformador, mnara wa chuma wa mwaka 1935 uliosimama miguu minne juu ya barabara, magari yakipita katikati yake. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, kwa hiyo Februari usiku ni baridi ya Lushoto. Blanketi mbili hazikuwa mapambo.

Bafuni ndipo nilipopata mtihani. Kwenye kichwa cha shawa kulikuwa na kidude cheupe cha plastiki chenye nyaya mbili zilizofungwa tepu nyeusi. Ndicho kinachopasha maji yakipita. Fundi yeyote wa umeme wa Muheza angekitazama akasoma dua kwanza. Ukifungua maji kidogo, yanakuunguza na taa ya chumba inafifia. Ukifungua mengi, unaoga mto Zigi. Ilinichukua siku mbili kuipata ile nafasi ya katikati, na nilipoipata nikachora alama ukutani kwa kalamu ya risasi. Kama umelala namba 14 ukaiona, usiifute.

Asubuhi nilishuka saa moja kamili na begi langu, tayari kwa Cobán. Simu ikalia. "Fíjese que," alisema mwenyeji wangu. Barabara ilikuwa imefungwa na waandamanaji. Ingefunguliwa lini? "Ojalá mañana." Neno hilo la kwanza nilicheka kulisikia, maana ni ndugu wa insha'Allah yetu, iliyoachwa na Waarabu Hispania, ikavuka bahari na Wahispania mpaka huku. Kwa hiyo nikajua hali yangu barabara. Kesho, Mungu akipenda.

Hivyo ndivyo hoteli ile ilivyogeuka kutoka mahali pa kulala ikawa safari yenyewe.

Chumba cha kulia kilikuwa na meza sita, na wageni karibu wote walikuwa watu wa mizunguko ya biashara: mawakala wa dawa na mabegi yao ya sampuli, Mhondurasi anayeuza matairi, mafundi wawili kutoka El Salvador. Hawa wa nchi jirani wanaingia kwa kitambulisho tu, kama Mkenya anavyoingia Uganda, na wanalalamikia mipaka yao vile vile. Sahani ilikuwa moja kwa wote: mayai, maharage meusi yaliyopondwa yakakaangwa mpaka yakashikamana, ndizi mbivu za kukaanga, jibini nyeupe, na kapu la chapati ndogo za mahindi, ambayo huchemshwa kwanza na chokaa, yakamenyeka, ndipo yakasagwa. Ndizi zile ziliniliwaza sana. Kahawa, ewe msomaji, katika nchi iliyojengwa na kahawa, ilikuwa maji ya kusuuzia birika. Nzuri yote imekwenda melini. Mtu aliyezoea kahawa chungu ya barazani hapo anafunga macho na kumeza.

Siku ya kwanza bwana mmoja aliinuka mezani kwake, akapita kwangu na kusema "buen provecho." Nikadhani ananijua. Nikasimama kumpa mkono. Akaupokea kwa adabu, kidogo kashangaa. Baadaye nikaona kila anayetoka anawatakia waliobaki mlo mwema, hata asiowajua, na asiyesema hutazamwa kama mtu aliyepita barazani bila salamu. Nilijihisi nyumbani zaidi kwa jambo hilo kuliko kwa ndizi.

Kihispania changu kilikuwa cha miezi mitatu ya simuni, lakini nilianza kuokota maneno niliyoyajua tangu utotoni. Mesa ni meza. Bandera, bendera. Azúcar, sukari. Limón ni limau. Yetu mengine tuliachiwa na Wareno na mengine na Waarabu, yao wana njia zao, tumekutana kwenye kifungua kinywa. Nilimwonyesha mama mpishi: nikigusa meza, nasema "meza." Akacheka mpaka akaweka chini kijiko. Wote walimwita seño, nami nikamwita hivyo hivyo.

Usiku sikulala. Mwili wangu ulikuwa Muheza: saa tisa usiku pale ni saa sita mchana kwetu, wakati wa kula. Nikawa nashuka kukaa na mlinzi wa usiku, mzee mpole aliyeegemeza bunduki yake ukutani karibu na ufagio. Usiku wa tatu tukiwa tumekaa hivyo, glasi zilizopangwa kabatini zikaanza kugongana taratibu, kama meno ya mtu mwenye baridi. Kiti changu kikasogea. Nikatazama dari. Mzee yeye alitazama taa, akaihesabu inavyobembea, kisha akasema "ya," imekwisha, na kuendelea kumenya chungwa.

Ndipo akanisimulia ya 1976. Tarehe 4 Februari, saa ile ile, saa tisa na dakika moja usiku. Yeye alikuwa na miaka saba. Nyumba nyingi zilikuwa za matofali mabichi ya udongo na mapaa ya vigae vizito, na watu walikuwa vitandani. Wakafa 23,000 hivi. Baba yake alimtoa kwa mguu. Alisema hivyo tu, kwa mguu, akauonyesha wa kushoto. Mji wenyewe uko pale kwa sababu ya tetemeko: mji mkuu wa zamani, ambao sasa ni Antigua, ulibomoka 1773, na miaka mitatu baadaye wakahamishia makao bonde hili. Nilimuuliza kama bonde hili basi lina nafuu. Akatabasamu, akanipa nusu ya chungwa.

Barabara haikufunguliwa siku ya pili, wala ya tatu. Siku ya nne nikaamua iliki nitaitafuta mwenyewe. Mercado Central iko nyuma ya kanisa kuu, na sehemu kubwa yake iko chini ya ardhi. Unashuka ngazi na harufu inakupandia. Mama muuza viungo alikuwa na mdalasini, pilipili kavu za aina nyingi, achiote, mbegu za kutia chakula rangi, nyekundu kama udongo wa Korogwe, na karafuu, ambazo nilizinusa kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi. Nilipotaja cardamomo aliinama chini ya meza, akapekua, akatoa kifuko kidogo cha punje za manjano zilizokauka vibaya kuliko zangu. Nani hununua? Akafikiri. "Wageni," akasema.

Hapo ndipo nilipoliamini lile nililokuwa nikilisikia. Iliki hii ililetwa na mkulima Mjerumani mwaka 1914 hivi, ikapandwa milima ya Alta Verapaz, na leo inalimwa zaidi na Wamaya wa Q'eqchi', lakini jikoni kwao haikuingia. (Wajerumani hao hao walikwishaanzisha kituo chao cha utafiti Amani kwetu mwaka 1902, walikuwa na mikono mirefu.) Inavunwa, inakaushwa, inakwenda Saudia na Ghuba kunywewa ndani ya kahawa. Kwa mjomba wangu Muscat nimeshakunywa vikombe visivyo na idadi, na kumbe huenda nilikuwa nakunywa Cobán.

Mchana huo nilikwenda Zona 2 kuona Mapa en Relieve, ramani ya nchi nzima iliyofinyangwa kwa saruji na mhandisi Francisco Vela, ikakamilika 1905. Unapanda jukwaa unaitazama Guatemala chini yako kama sinia la pilau. Milima ameinyanyua mara tano kuliko kipimo cha upana, makusudi, ili ionekane. Nikaitafuta Alta Verapaz, nikaiona, mikunjo kwa mikunjo. Nikasimama pale muda mrefu. Nimesafiri siku tatu kuja kuiona milima ya iliki, nami nikaiona, ya saruji.

Siku ya tano asubuhi nilimwomba seño sufuria. Nilikuwa na kopo la iliki yangu ya Amani, sampuli niliyomletea mwenyeji. Nikaponda punje kumi kwa kitako cha glasi, nikachemsha na majani ya chai ya paketi kutoka dukani, maziwa, sukari. Wasichana wawili wanaotandika vyumba wakaja. Dada wa mapokezi akaacha simu ikilia. Seño alinusa kwanza, kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha akanywa funda moja na kulishikilia mdomoni kama daktari wa meno alivyomwambia.

"Ni dawa," akasema.

Ya nini?

Akajipapasa tumbo, akitafakari. Msichana mmoja alimaliza kikombe chake na cha mwenzake. Dada wa mapokezi alikuwa mzaliwa wa Cobán kabisa, baba yake huuza iliki mbichi kwa madalali, ambao wao huwaita coyotes, bweha, jina nililoliweka akibani kwa matumizi ya nyumbani. Hajawahi kuionja, alisema. Alikua akidhani inatengenezewa rangi.

Mwenyeji wangu alifika jioni hiyo kwa njia ya kuzunguka, amechoka, buti zimejaa vumbi, na mfuko wa kilo mbili kwapani. Kesho yake, meza ya kifungua kinywa ikiwa imeondolewa vyombo, akamimina punje juu ya kitambaa cheupe. Kijani. Akanichorea tanuri nyuma ya karatasi ya bili: moto wa kuni huku, bomba la chuma, feni inayosukuma hewa moto chini ya sakafu ya wavu, iliki juu yake imetandazwa, zaidi ya siku nzima usiku na mchana, jua lisiione kabisa. Kilo karibu tano mbichi upate moja kavu. Ichumwe kabla haijaiva. Na kuni, akasema akikuna kichwa, kuni ndizo zinazotumaliza, milima inapata upara. Aliposema hivyo niliufikiria msitu wa Amani na kalamu ikasita. Wauza dawa walikuwa wameinama juu ya meza yetu wakiuliza hizi ni mbegu za nini.

Akaichukua ya kwangu, akaivunja punje kwa meno, akatafuna. Rangi mbaya, akasema. Halafu akavunja ya pili. Harufu kali kuliko yetu. Aliweka kopo lile karibu na mkono wake, lakini nilimwachia nusu tu.

Bili iliongezeka asilimia 22, kodi mbili za kisheria, na ile 300 ikawa 366. Fíjese que, dada alisema, kwa haya. Nililipa. Teksi ilikuja saa kumi alfajiri. Nilipita jikoni kuchukua mkate niliofungiwa, taa ikiwaka, hakuna mtu. Nusu ya pili ya iliki yangu ilikuwa rafuni ndani ya chupa ya jemu iliyooshwa vizuri, kati ya magadi na mafuta ya kuchua, na tepu nyeupe imeandikwa kwa kalamu nene: *Para el estómago*. Ya tumbo.