Simu ya Usiku Ujiji

Nilikuwa likizoni Ujiji, nyumbani kwa mjomba anayekamua mawese, simu ilipoita saa nne za usiku. Huko Hyderabad, India, kilipo kiwanda cha viambato hai vya dawa nilichokuwa nikifanyia kazi, ilikuwa saa sita na nusu, na mwenzangu wa zamu hakurefusha salamu: mmenyuko wa kikemia uliokuwa ukikamilika vizuri katika chupa ya lita moja ulikuwa umekwama katikati ndani ya tangi la lita 1,000.

Ulikuwa mmenyuko wa Suzuki, uliotangazwa mwaka 1979 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2010 pamoja na kazi za wanakemia Heck na Negishi. Huunganisha kaboni ya molekuli moja na ya nyingine kwa kichocheo cha paladiamu, madini adimu, na ndio walioutumia wanakemia wa Merck katika miaka ya 1990 kutengeneza losartani, dawa ya shinikizo la damu ambayo mjomba huimeza kila siku.

Niliuliza rangi, nikaambiwa mchanganyiko ulikuwa mweusi mapema mno. Nikauliza vipimo, nikaambiwa molekuli za asidi ya boroniki, mojawapo ya malighafi mbili zilizopaswa kuunganishwa, zilikuwa zikiungana zenyewe kwa zenyewe. Dalili hizo mbili kwa pamoja ziliniashiria oksijeni, ambayo huiharibu fosfini inayoishikilia paladiamu, nayo paladiamu ikikosa mshikizi hujikusanya kuwa unga mweusi usiofanya kazi. Maagizo yalisema nitrojeni ipitishwe kwa nusu saa, muda ulionakiliwa kutoka daftari la maabara, kana kwamba tangi lingejua kwamba linapaswa kufuata mwendo wa chupa.

Mwenzangu alitaka kuongeza paladiamu papo hapo. Nilimkatalia, kwanza kwa sababu oksijeni ingeiua hiyo mpya pia, na kisha kwa sababu ya mabaki, kwani mwongozo wa kimataifa wa ICH Q3D unaruhusu mikrogramu 100 tu za paladiamu kwa siku katika dawa ya kumeza. Lakini lililonitia hofu zaidi ni joto. Ujazo ukiongezeka mara 1,000 kwa umbo lile lile, eneo la ukuta wa kupozea huongezeka mara 100 tu. Malighafi iliyolimbikizana ikiamshwa yote kwa mkupuo, joto huzalishwa haraka kuliko linavyoweza kuondolewa. Mjomba, aliyekuwa akisikiliza, alidakia kwamba ndiyo maana pipa la mawese huendelea kutokota baada ya kuni kuondolewa, ilhali sufuria hutulia mara moja. Sikuwa na la kuongeza.

Tulikubaliana tangi lipozwe, nitrojeni ipulizwe kutoka chini huku pangaboi likizunguka hadi kipima oksijeni kishuke, kisha kichocheo kidogo kijaribiwe kwenye sampuli kabla ya kutiwa tangini kwa awamu. Alfajiri alinipigia kusema mmenyuko umekamilika, ingawa mazao yalipungua na fuwele zilihitaji kusafishwa tena. Baadaye maagizo yalibadilishwa, yakataja kiwango cha oksijeni badala ya dakika.

Mjomba aliuliza madini hayo yanatolewaje dawani. Nilimweleza kuhusu mkaa amilifu na silika yenye salfa inayoyanasa, na kwamba vichujio hupelekwa kwa wasafishaji kwa sababu paladiamu ni ghali.

“Ghali kiasi gani, mjomba?” aliuliza, na mazungumzo yakahamia kwenye bei.