Mimi Tertio, Niliyeandika Waraka Huu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii moyo wangu umelemewa na jambo dogo, dogo kiasi cha kuona haya kuliombea. Masomo ya vikundi vya nyumbani huyaandaa mimi, mwenzangu huyafundisha, na Jumapili aliposhukuriwa mbele ya kanisa jina langu halikutajwa. Nilipiga makofi, lakini Mungu anajua yalivyotoka.

Nikaangukia Warumi 16:22. Sote husema "Paulo anasema", kumbe kalamu ilikuwa mkononi mwa Tertio. Salamu ya mstari mmoja, basi, hasikiki tena.

Nikamkumbuka pia Edmond Malone, mtafiti wa kazi za Shakespeare, mzaliwa wa Dublin, 1741. Baba yake alikuwa jaji, na yeye mwenyewe alikuwa wakili huko Ireland hadi urithi ulipompa nafasi ya kuiacha kazi hiyo. Mwaka 1777 alihamia London kushughulika na vitabu. Toleo lake la tamthilia za Shakespeare lilitoka 1790, naye alipekua hati na rejista za kale kama mtu anayeandaa kesi. (Hakuwa malaika: 1793 alishawishi sanamu ya Shakespeare kanisani Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare, ipakwe rangi nyeupe, na wengi hawakumsamehe.)

Mimi kilichonigusa ni jioni zake. Huku Malone akihangaika na Shakespeare wake, rafiki yake James Boswell alikuwa akiandika maisha ya Samuel Johnson, mwandishi maarufu wa Uingereza. Boswell alikuwa na kipaji kikubwa, ila pombe na huzuni vilimwangusha mara kwa mara. Malone alikaa naye, wakapitia muswada pamoja, akinyoosha sentensi na kumwinua moyo. Kitabu kilitoka 1791, na jina la mwandishi ni Boswell. Boswell akafa 1795. Malone hakukiacha, aliendelea kusimamia na kusahihisha matoleo mapya ya kitabu hicho kwa miaka mingi.

Ndugu yangu, marehemu hawezi kukuambia asante! Wewe unayefua mavazi ya kwaya, unayehesabu sadaka hadi usiku, unayemwandikia mchungaji barua zake, usichoke. Baba yako aonaye sirini anakuona leo, hata kabla hujamaliza. Endelea, dada. Endelea, kaka. Usiipime kazi yako kwa tangazo la Jumapili.

Lakini nanyi mnaoshika kipaza sauti, niwaambie kwa upendo. Boswell alieleza mwanzoni mwa kitabu chake kwamba alimsomea Malone karibu muswada wote, na kwamba alinufaika na maoni yake. Paulo alimwachia Tertio nafasi asalimie kwa jina lake. Ninyi mmewaachia nani nafasi? "Mungu atawalipa" ni neno la kweli, ila baadhi yetu tunalitumia kukwepa kushukuru. Hiyo si unyenyekevu wala imani; ni uchoyo wa maneno.

Malone alifariki 1812, toleo lake jipya la Shakespeare likiwa halijakamilika. Aliyelimaliza ni James Boswell mdogo, mwana wa rafiki yule: juzuu 21, zilizotoka 1821.

Alhamisi kwenye maombi, kila kikundi kije na majina ya wanaotumika bila kuonekana. Viongozi ndio watakaoyasoma kwa sauti, moja moja, kisha tuwaombee.