Vivimbe kwenye mikaratusi

Jana nimepasua kwa wembe jani la mche wa mkaratusi, maana mshipa wake wa kati ulikuwa umejaa vivimbe vya rangi ya waridi. Ndani nikakuta funza weupe wasio na miguu, kila mmoja na chumba chake. Ni watoto wa nyigu wa Australia aitwaye Leptocybe invasa, aliyeingia Kenya mwaka 2002, jike lake halifiki hata milimita 2! Hutaga ndani ya jani changa, kisha mmea wenyewe unageuka: seli zinagawanyika na kuvimba, na zile zinazomzunguka funza zina kuta nyembamba, zimejaa chakula. Yaani mti unamjengea nyumba adui yake na kumlisha. Miche yangu imedumaa, inaniuma sana. Wenye vitalu, kagueni majani machanga.