Kutoka Mkoani Kwenda Kupasuliwa Kichwa

Meli iliondoka Mkoani asubuhi, na bahari niliivuka nimefumba macho, mkono wa kulia ukiwa umelala mapajani bila nguvu. Nauli tulilipa ya watu wawili, kwa kuwa mgonjwa anayeanguka kifafa hasafiri peke yake. Na chumba alichopata kaka yangu mjini Unguja kilikuwa cha joto, hakina feni, kwa bei ya watalii.

Ndugu walitaka nipelekwe Bara au India. Mimi nilichagua Hospitali ya Mnazi Mmoja, hapo hapo Unguja, ambako kitengo cha upasuaji wa ubongo kilifunguliwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na madaktari wa Hispania.

Jioni ya kuamkia upasuaji, daktari alivuta kiti, akaniuliza kazi yangu. Nilimwambia nashona kofia za viua. Akauliza sindano naishika kwa mkono gani, kisha akanionyesha picha: uvimbe ulikuwa umeota kwenye utando unaofunika ubongo, upande wa kushoto, ambao ndio unaoendesha mkono wa kulia. Uvimbe wa namna hiyo, alisema, mara nyingi si saratani, na hukua polepole. Angetoboa fuvu, akate kipande cha mfupa, autoe uvimbe, kisha aurudishe mfupa mahali pake. Ndipo akataja hatari: damu kuvuja, maambukizi, kupooza, hata kupoteza usemi.

“Daktari, usimtishe mgonjwa,” kaka alimwomba.

“Kaka yangu, atakayelala mezani ni yeye. Mwache ajue.”

Nikauliza atafanyaje akikuta uvimbe umeshikamana na mshipa.

“Kipande hicho nitakiacha, mama. Heri kibaki kuliko upoteze mkono.”

Hapo moyo wangu ulitulia. Kwetu Pemba ugonjwa mzito hufichwa mwenyewe. Marehemu mama yangu aliambiwa “utapona inshallah” mpaka siku aliyofariki, na sote tuliona tunamhurumia. Mtu aliyeniambia mapema mahali atakapouzuia mkono wake ndiye niliyeweza kumkabidhi kichwa changu, huku nikitawakali kwa Mwenyezi Mungu.

Nilipozinduka aliniambia nimbane vidole. Nilimbana, kwa udhaifu, lakini kwa mkono wa kulia.

Kipande kidogo kimebaki, kwa hiyo sharti nirudi kupigwa picha. Ndugu bado wanaitaja India. Nimewaambia fedha hizo wanisaidie nauli ya meli, na wanitafutie chumba chenye feni.